Jina la Uwanjani

Kocha alikuwa anakula hindi la kuchoma aliponiambia kwamba ningekuwa na miaka ishirini na nane angenisajili siku hiyohiyo. Tulikuwa tumesimama kando ya uwanja wa shule pale Bunda. Mazoezi ya majaribio yalikuwa yameisha, na wasichana wadogo walikuwa wanavua viatu na kukung'uta vumbi. Alikuwa ametoka mkoa mwingine kutafuta wachezaji, na asubuhi ile nilikuwa nimepiga pasi za kutosha kumfanya aweke simu mfukoni.

"Viongozi wangu hawataki mtu aliyevuka thelathini," akasema. "Miguu yako ina ishirini na tano, dada. Lakini mimi sisajili miguu, nasajili cheti."

Nilimwambia kwamba kweli nina ishirini na nane. Akacheka. Wachezaji wengi aliowajua walikuwa na miaka yao ya kweli na miaka ya cheti, ila kwa wote hao cheti ndicho kilichokuwa kijana. Mimi nilimjia na cheti kinachonizeesha, thelathini na moja kamili, na kitambulisho cha taifa kinachokubaliana nacho. Nilipomweleza sababu aliacha kutafuna. Halafu akasema dirisha la usajili linafungwa baada ya siku kumi na mbili. Nikimpelekea hati ya kiapo kutoka kwa wakili, inayoeleza kosa lilivyotokea, atanipa mkataba wa miaka miwili, na marekebisho ya ofisi nyingine yatafuata taratibu.

Klabu yangu ilikuwa imeniacha mwezi uliotangulia kwa barua ya aya mbili, ya pili ikinitakia kila la heri. Nilikuwa nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaenda kufua. Watu huuliza kama nililia. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi kwenye benchi la kanisa ibada nzima, unaona upo, lakini ukiugusa ni wa mtu mwingine. Ila niliutaka mkataba ule. Sijui kazi nyingine, na sijawahi kutaka kuijua.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi.

Nilizaliwa kijiji cha ziwani, kwenye rasi iliyo nje ya Musoma, ambako kuna miamba mikubwa kuliko nyumba na dagaa huanikwa juu yake. Kabla yangu mama alizaa msichana mwingine. Alifariki kwa surua kabla hajatimiza miaka mitatu, huko Butiama kwa wazazi wa mama, na akazikwa hukohuko, mimi nikiwa bado tumboni. Nyumbani kwetu mtoto aliyekufa mdogo hatajwi. Anasemwa tu kuwa ni yule wa kwanza, basi. Hakuna aliyenifundisha hivyo, nilikua nikakuta ndivyo ilivyo, kama unavyokuta mlango wa nyumba unatazama ziwa.

Baba alikuwa mvuvi, na hofu yake kubwa ilikuwa mimi kuzama. Mama alishinda miambani akigeuza dagaa, na mimi nikigeuziwa mgongo kidogo tu, nilifuata maji. Nilipotimiza miaka mitano baba akaamua kwamba shule ndiyo mahali pa kuniweka. Tatizo ni kwamba sikuwa na karatasi yoyote. Baada ya yule wa kwanza, mama alikuwa amekataa kumpeleka mtoto mwingine kubatizwa, kana kwamba ukimwandika mtoto unamwonyesha kwa mtu mbaya. Kadi moja tu ya ubatizo ilikuwa ndani ya sanduku, nayo ilikuwa ya marehemu. Baba akaichukua.

Miaka ile, mtoto akipelekwa darasa la kwanza, mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Ukigusa, umri umefika. Mimi nina mikono mirefu, na baba alinifundisha kuinamisha kichwa kidogo, mwalimu asitambue. Alinifundisha pia kuitika. Kila alfajiri kwa wiki nzima, tukishapita mwamba wa mwisho ambapo mama hawezi kusikia, alitangulia hatua kumi, akageuka, akaita jina la kwenye kadi.

"Abee!"

"Umechelewa. Ukichelewa watajua. Tena."

"Abee!"

"Hapo sawa. Tena."

Hilo ndilo zoezi la kwanza la maisha yangu. Nimepita mikononi mwa makocha saba tangu hapo na hakuna aliyenikaza vile. Mwalimu alipoita jina kwenye orodha niliitika kabla hajamaliza, akaandika kwamba nina miaka minane. Nyumbani niliendelea kuitwa jina langu, lile la bibi mzaa baba, na walioliita walikuwa wawili tu, baba na mama. Kwingine kote duniani nilikuwa yule wa kwanza.

Mama alijua. Sikumbuki siku aliyoambiwa, ila nakumbuka kwamba daftari zangu zenye jina lile juu hakuzigusa kamwe. Akitaka kufuta meza alisubiri nizitoe mwenyewe.

Sasa watu wa mpira husema mimi nilizaliwa kiungo. Wapi. Nilikuwa mdogo kwa miaka mitatu kuliko kila niliyecheza naye, darasani na uwanjani, na sikuweza kumkimbia mtu wala kusukumana naye. Mpira ukikaa miguuni mwangu muda wa kuvuta pumzi, nilikuwa chini, na mtu amenikanyaga kifundo. Kwa hiyo nikajifunza kuutoa kabla haujafika. Niliangalia kwanza ni nani yuko peke yake, mpira ukija nauambia tu njia. Mguso mmoja. Nilipofika sekondari hapo Musoma, walimu wa michezo walisema nina akili ya mtu mzima. Ilikuwa ni woga wa mtoto, umefanyiwa mazoezi mpaka ukapendeza macho. Nilipolingana nao kwa urefu, woga ulikuwa umekwisha na mguso ulikuwa umebaki.

Klabu ilinichukua kutoka mashindano ya shule. Nilicheza misimu kumi kwenye ligi, karibu yote katikati ya uwanja, namba nane, mikoa ya mbali, hosteli zenye vitanda vya juu na chini na harufu ya dawa ya misuli. Sina mengi ya kusimulia kuhusu miaka hiyo, na nadhani hilo nalo ni jambo la kusimulia. Unaamka, unakimbia, unakula wali na maharage, unalala mchana, unafundishwa mbinu ubaoni, unasafiri usiku kucha, unacheza, unaweka mguu kwenye barafu. Nilipenda dakika zile tisini. Yaliyobaki niliyapitisha kama mtu anayesubiri zamu kwenye foleni.

Kuna mara mbili cheti kilinigharimu kitu. Ya kwanza, timu ya taifa ya vijana ilipokuwa inaitwa, kocha wangu alipeleka majina matatu likiwemo langu. Langu likarudi: nimepitiliza umri. Nilikuwa na miaka kumi na minane ya kweli, na wenzangu wawili waliokwenda nilikuwa nawajua, mmoja alikuwa ameniacha kwa miaka minne. Tuliwasindikiza mpaka getini, nikambebea mmoja begi. Ningeweza kusema. Lakini ningesema nini, kwamba mimi siye mimi?

Ya pili ni hii ya Bunda.

Katikati hapo baba alifariki. Nilikuwa kambini, tuna mechi siku hiyo, na meneja aliamua kuniambia baada ya filimbi ya mwisho. Kwa hiyo kuna mechi moja katika maisha yangu ambayo niliicheza nikiwa sina baba na sijui. Wenzangu walikuwa wanajua. Walinipa mpira kila mara, wakiniangalia kwa namna fulani, nami nikadhani ni kwa sababu nacheza vizuri. Na nilicheza vizuri. Nilipiga pasi ya bao la pili, na sijui mpaka leo nifanye nini na pasi ile.

Mama hakuwahi kuja kunitazama. Hilo niliweza kulielewa, safari ni ndefu na dagaa hawasubiri. Nililoshindwa kulielewa ni kwamba hakuwahi kuuliza. Nikipiga simu aliuliza kama nimekula, kama goti limepona, kama kuna mvua. Tumeshinda au tumefungwa, kamwe. Wenzangu walikuwa na mama waliopiga kelele kwenye simu baada ya mechi mpaka tukawasikia kitanda cha pili. Kwa miaka kumi nilijiambia kwamba sijali, na nilijiambia mara nyingi mno kwa mtu asiyejali.

Basi, kutoka Bunda nilipanda gari mpaka Kiabakari, nikachukua bodaboda kwenda Butiama kwa mjomba, mdogo wake mama, kwa sababu wakili niliyempigia simu alitaka tarehe ya kifo. Mjomba alinipeleka nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo. Hapakuwa na msalaba. Palikuwa na jiwe moja la kawaida, na mihogo ilikuwa imepandwa kulizunguka kwa nafasi, kama wanavyopanda kuzunguka kisiki.

"Yule wa kwanza ni hapa," akasema. "Mama yako akijaga anapapalilia mwenyewe. Hatakagi mtu amsaidie."

Alikumbuka mwaka na mwezi kwa msimu wa mtama, na siku kwa sababu ilikuwa Jumapili. Nikaandika. Nilisimama pale nikisubiri kuhisi kitu kuhusu mtu niliyekula kwa jina lake miaka yote ile, nikahisi jua shingoni. Nikamuuliza mjomba kama anaweza kuapa yeye. Nilipompigia wakili akakataa: aliyezaa yupo hai, kwa hiyo aliyezaa ndiye aape.

Nikaenda kijijini kumwomba mama. Nilimkuta miambani, nikasubiri amalize kugeuza safu nzima. Nilimweleza yote, kocha, dirisha, siku zilizobaki, na kwamba atatakiwa kusema mbele ya wakili kuwa alizaa mtoto fulani na kwamba mtoto huyo alifariki. Nilisema fulani. Hata hapo sikulitaja.

Aliokota dagaa aliyeanguka, akamrudisha kwenye safu. Halafu akauliza, "Ni kusema tu?"

"Kusema na kutia sahihi."

"Na wewe utaendelea kucheza?"

"Miaka miwili."

"Basi nitakuja," akasema, na akaniita kwa jina langu, la bibi mzaa baba, na kunituma nikalete turubai kwa sababu wingu lilikuwa linakuja.

Ofisi ya wakili iko mtaa wa Mukendo, Musoma mjini, ghorofani, juu ya duka la nyavu. Mama alivaa kitenge cha kanisani na viatu vya kufunika ambavyo huvivaa kwenye misiba na harusi tu. Wakili alikuwa kijana mpole, mwenye haraka kidogo. Alikuwa ameshachapa kiapo chote, akaacha nafasi chache za kujaza. Alimweleza mama kwamba hakuna atakayekamatwa, mwenye kosa alikuwa baba na ameshatangulia, na nia haikuwa mbaya.

"Sasa mama, nitakuuliza, unajibu, najaza. Ulizaa watoto wangapi wa kike?"

"Wawili."

"Wa kwanza anaitwa nani?"

Mama aliangalia meza. Wakili akasubiri, akauliza tena. Nikasema nitalitaja mimi. Akatikisa kichwa.

"Anayeapa ndiye ataje, dada. Mama, ni jina tu."

"Huyo mimi simtajagi," mama akasema. "Sisi hatumtaji. Nilikuwaga namsikia kwenye redio."

Wakili alinitazama mimi. Mimi nilimtazama mama.

"Kila wakicheza nilikuwa nawasha," akamwambia, kana kwamba mimi sipo. "Nilikuwa sijui nani kafunga, nani kafungwa, hayo sikuwa nafuatilia. Nilikuwa nasubiri wamtaje. Nyumbani hatajwi, kanisani hatajwi, hata kwa mdogo wangu alipolala hatajwi. Redio ndiyo ilikuwaga inamtaja. Anao mpira fulani. Amempa fulani. Amerudishiwa fulani. Wanamtaja mpaka mtangazaji anachoka. Kuna mwaka huyu goti liliuma, walikaa miezi hawamtaji. Nikawa naweka redio, naiangalia tu."

Mtangazaji wa redio humtaja kiungo kuliko mchezaji mwingine yeyote, kwa sababu mpira hauna njia nyingine ya kupita. Ningekuwa golikipa mama angemsikia mwanawe mara tatu au nne kwa mechi.

Wakili alikohoa. Akasema anaelewa, na pole sana, lakini sheria inataka atamke yeye. Mama akaitikia kwa kichwa. Alikaa sawa kwenye kiti, akaweka mikono miwili mezani, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua ndoo. Halafu akalitaja.

Sikuwahi kulisikia kwa sauti yake. Alilitamka polepole, kwa lafudhi ya kwao Butiama, na lilikuwa tofauti kabisa na lile la walimu, la makocha na la watangazaji. Lilikuwa jina la mtoto anayeitwa ndani kula.

"Abee," nikaitika.

Sikufikiri. Ilitoka yenyewe, na sikuchelewa hata kidogo. Wakili aliacha kuchapa. Mama aligeuka akaniangalia, na uso wake sitauelezea kwa sababu sijui uso ule unaitwaje. Midomo yake ilikuwa inatetemeka na macho yalikuwa yanacheka.

"Umesikia?" akamwambia wakili. "Ameitika. Sasa mimi niseme nini?"

Chini dukani mtu alikuwa anapima wavu, akihesabu kwa sauti. Baadaye mama alishika mkono wangu.

"Lakini ukitaka nitasema, mwanangu. Nimekuja kusema. Wewe niambie tu."

Na najua angesema. Angesema, angetia sahihi, tungeshuka ngazi, na mimi ningeenda kucheza miaka miwili kwa jina la bibi mzaa baba, na mama angewasha redio na kuwasikia wakimtaja mtu ambaye anaweza kumwita mwenyewe wakati wowote anaotaka. Nilikuwa na hasira. Nilimwonea wivu mtoto wa miaka mitatu kasoro aliyelala kwenye mihogo, kwa sababu misimu kumi yote nilidhani hakuna anayesikiliza, kumbe alikuwepo msikilizaji, ila hakuwa wangu. Kisha nikaona aibu. Kisha vyote viwili vikatulia, ikabaki ile ganzi yangu niliyoizoea, nami nikafanya nilichofanya maisha yangu yote mpira ukinijia. Niliutoa kabla haujakaa.

"Tuondoke, mama," nikasema.

Wakili hakutaka chochote kwa kazi ile. Tulishuka, mama akanunua ndizi, tukarudi nyumbani. Kocha nilimwandikia ujumbe kwamba kiapo kimeshindikana, akajibu: Sawa dada, pole. Dirisha likafungwa siku yake, na siku hiyo nilikuwa napaka rangi mlango.

Sasa ni mwaka wa pili. Mchana nafundisha mpira wasichana wa shule ya msingi iliyo karibu, na mdogo kuliko wote namweka katikati. Asubuhi nageuza dagaa. Redio ipo, lakini mama haiwashi tena siku za mechi, haina haja. Tangu siku ile ya Mukendo jina lile analiita mwenyewe. Mwanzoni aliita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeiba sukari, siku hizi anaita kutoka mwamba mmoja hadi mwingine, na majirani wameshazoea. Amenenepa kidogo. Anacheka ovyo. Akiita, naitika, na kila nikiitika anatulia kwanza ndipo aseme alichoniitia. Mara nyingine huwa hana alichoniitia.

Lile jina langu lingine, la bibi mzaa baba, hajaliita tangu siku ile ya turubai, na sidhani kama anajua. Sijamwambia. Juzi nilikuwa peke yangu miambani, yeye ameenda kanisani kwenye kwaya, nikajaribu kuliita mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, nisikie kama nitaitika.

Niliitika. Lakini nilichelewa.